Kitabu cha Baba cha Miti Midogo

Tarehe 6 Februari

Mdogo wangu,

U mzima? Mimi nipo, mgongo tu ndio una maneno yake asubuhi. Mwanangu nesi amehamishiwa hospitali ya mbali, anakusalimu, ingawa ukipita mbele yake leo hawezi kukujua. Jirani yetu Redio bado anatangaza. Juzi kaniuliza una watoto wangapi, nikamwambia angoje atangaziwe na mwenyewe.

Nilikuandikia baba alipolazwa. Nikakuandikia alipofariki, Juni. Nikakuandikia tena Agosti. Sikuandiki leo kwa ajili ya kugombana, kwa hiyo hayo tuyaache hapo yalipo.

Jambo lenyewe ni hili. Nimefungua sanduku la baba nikakuta mchwa wamenitangulia. Ovaroli zake za kazi wamezimaliza. Kitabu chake cha miti midogo, kile alichoachiwa na daktari wa macho siku daktari anahama, wamekionja mgongoni na kwenye pembe mbili, na katikati wameweka udongo kama wanajenga. Usiniambie hukikumbuki. Tulikuwa tunanawa mpaka kwenye viwiko ndipo turuhusiwe kukitazama, na kufunua alikuwa anafunua yeye.

Wewe ni fundi wa vitabu, na huko kwenye maktaba yenu kubwa mna kila dawa. Nimekizungushia shuka na ninakituma kwa posta. Kishone, kisha ukirudishe. Usimpe mtu.

Mti haujambo. Uko palepale dirishani, kwenye chungu chake.

Usinipigie simu. Kwenye simu unasema "ndiyo, ndiyo", halafu unakata. Andika.

Dada yako


Tarehe 29 Machi

Dada,

Shikamoo. Pole na mgongo. Msalimie nesi wetu. Mimi sijambo, kazi ipo, chumba changu ni kilekile, ghorofa ya tatu, dirisha linatazama ukuta. Barua zako tatu nilizipata.

Kifurushi kilichukua wiki sita, lakini kimefika kizima. Nilikifungulia kazini, kwa sababu kule ndiko kuna meza na taa. Mkuu wetu, tunayemwita Bi Glavu maana hata chai anakunywa na glavu mkononi, alikuwa anapita. Akasimama.

"Hiki umekitoa wapi?"

"Cha baba yangu."

"Alikuwa mkusanyaji?"

"Alikuwa mtunza bustani wa hospitali."

Akaenda kwenye orodha zake, akakaa huko saa nzima. Dada, baba alikuwa na kitu. Bi Glavu anasema hiki ni kimojawapo cha vitabu vya kwanza kabisa ambavyo Wazungu waliandika kuhusu bonsai, ile sanaa ya Wajapani ya kulea mti ndani ya chungu mpaka uzeeke ukiwa na kimo cha mtoto wa kutambaa. Nakala ambazo maktaba za dunia zinajua zilipo ni chache, unaweza kuzihesabu kwa vidole. Na sisi tulikuwa nayo chini ya kitanda.

Sikujua kama baba aliandika ndani. Pembeni mwa kila picha kuna penseli yake. "Mwaka wa pili, majani tisa." "Nimefunga waya tawi la kushoto, limekasirika." Ukurasa mmoja una tarehe yako ya kuzaliwa: "Mama watoto amejifungua wa kike. Sikumwagilia siku mbili. Haukufa."

Mti una majani mangapi sasa? Naona alikuwa akihesabu kila Januari. Na udongo, ulibadilishwa lini?

Mdogo wako


Tarehe 20 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimeisoma barua yako mara mbili kabla ya kuvua viatu. Miaka kumi na saba umekuwa ukinitumia kadi zenye sentensi moja, leo kurasa mbili! Redio kaniona mlangoni, kauliza kuna msiba gani.

Huku tuko vizuri. Wateja ni wengi, shule zinafungua, sketi za sare zimejaa mpaka kitandani. Nyumba haina hata nafasi ya kukaa kimya. Nesi alisema angekuja Pasaka, zamu zikambana.

Mti umeshamiri. Nilijaribu kuhesabu majani, nikafika mia mbili na kitu, mtu akaja kuchukua gauni, nikapotea. Udongo nilibadilisha mwaka jana. Lile tawi la kushoto bado lina hasira zake, linatazama mlango.

Nilikuwa najiuliza: kitabu chenyewe kinasema nini? Baba Kiingereza chake kilikuwa "good morning" na "push". Miaka arobaini na ushei alitazama picha. Uliokuwa mti wake ni mtini uliojiotea kwenye mfereji wa paa la wodi ya wazazi, akaung'oa, akautia kwenye bakuli la alumini lililotoboka. Wewe unakisoma kile Kiingereza cha kizamani. Nisomee.

Dada yako


Tarehe 11 Juni

Dada,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa. Nilikuwa na homa kidogo, imeshapita. Baba mwenye nyumba alinigongea siku ya tatu kuuliza kama bado nipo.

Nimekisoma karibu chote. Sasa usicheke. Mwandishi hakuwahi kufika Japani. Anakiri mwenyewe, ukurasa wa kumi na nne, kwamba miti aliiona kwenye maonyesho, siku tatu, imetolewa kwenye masanduku baada ya safari ndefu ya meli. Bila shaka ilikuwa hoi. Yeye akaamini hivyo ndivyo inavyotakiwa kuwa. Kwa hiyo ameandika sura nzima inayosema siri ya mti mdogo ni njaa. Unyimwe maji, unyimwe mbolea, mizizi ibanwe, na mtunzaji asiwe na huruma. Bi Glavu ameniambia vitabu vya baadaye vilikanusha yote hayo. Mti wa chunguni unalishwa kuliko wa bustanini, na mizizi hupunguzwa ili mipya ipate nafasi.

Kando ya sura hiyo ya njaa baba ameandika: "Hapa maneno mengi, hakuna picha. Nimeruka."

Nilicheka peke yangu mpaka wenzangu wakageuka. Ukurasa unaofuata: "Samadi ya kuku kidogo. Umefurahi."

Dada, yapo mawili ambayo sina budi kukueleza. La kwanza, maktaba inakitaka. Kitawekwa kwenye chumba cha ubaridi, na jina la baba litaandikwa kwamba ndiye aliyekitoa. Ila Bi Glavu anataka penseli yote ifutwe kwanza. Kwao ni uchafu wa mmiliki.

La pili, picha zinatakiwa kuwa kumi na mbili. Ya saba haipo. Imekatwa kwa wembe karibu kabisa na mshono. Bi Glavu anasema aliyekata alikuwa na mkono mzuri.

Niambie tufanyeje. Kurasa nyingine bado zimegandana kwa udongo wa mchwa, nazibandua moja moja kwa brashi.

Mti umwagilie asubuhi, si jua likiwa kali.

Mdogo wako


Tarehe 5 Julai

Mdogo wangu,

Pole na homa. Ungeniambia ukiwa unaumwa, si baada ya kupona.

Maktaba isipewe. Wala isifutwe hata nukta. Kama mkono wa baba ni uchafu, basi waanze kuwafuta na watoto wake.

Kuhusu picha ya saba usiniandikie kama unamwandikia mgeni. Ile barua ya kukufukuza alitamka baba, lakini mkono ulikuwa wangu. Nilikuwa na miaka thelathini, ningeweza kuweka kalamu chini. Sikuweka.

Mti umetoa chipukizi upande wa jua.

Dada yako


Tarehe 14 Septemba

Dada,

Shikamoo. Natumaini mgongo umetulia na nesi amekuja.

Basi tuseme. Niliikata mimi, usiku wa kuamkia safari, nikiwa na miaka ishirini na mbili. Sikutaka kuiuza. Nilikuwa nakwenda mahali ambapo simjui mtu, nikataka kuwa na kitu cha kutazama. Msonobari uliolala juu ya mwamba, unaikumbuka? Nilidhani kitabu kina picha nyingi, baba hatajua. Barua yenu ilinifikia mwezi wa pili. Mistari minne. "Mwizi asikanyage hapa" naikumbuka kwa mwandiko wako mzuri. Picha nimeibandika kwenye kila chumba nilichopanga. Iko mbele yangu sasa hivi.

Wiki iliyopita nilibandua kurasa za mwisho zilizokuwa bado zimegandana. Kati ya mbili zinazofuata pengo la picha ya saba kulikuwa na karatasi iliyokunjwa, nyuma yake ni kadi ya kliniki. Baba aliuchora ule msonobari kwa penseli. Nilikwenda nyumbani nikaja na ile halisi, nikaziweka pamoja mezani. Matawi yote kumi na moja yapo. Hata lile lililokufa lililotazama chini. Chini ameandika: "Picha ya saba. Nimeichora kwa kukumbuka. Halisi anayo kijana. Anaipenda."

Tarehe yake ni miaka mitatu baada ya ile barua. Halafu, dada, aliikunja akaifungia sandukuni. Miaka kumi na minne. Stempu tu ingetosha.

Bi Glavu alipoileta raba nilimwambia sitafuta. Akasema, "Wewe ni fundi au ni mtoto wake?" Nikasema leo ni mtoto wake, na kitabu si cha maktaba. Nimehamishiwa chumba cha vifurushi. Nafunga kamba na kubandika anwani, si mbaya, kuna dirisha. Kitabu nimekishonea chumbani kwangu, Jumamosi na Jumapili, kwa uzi wa kitani. Kimekaa vizuri.

Sitakituma. Nitakileta mwenyewe. Nina likizo Desemba, siku kumi na mbili. Nataka kukaa karibu na ule mti, nikiwa na kitabu mkononi, nione ni ukurasa gani alikuwa anautazama alipokata kila tawi. Niambie kama Desemba ni sawa.

Mdogo wako


Tarehe 8 Oktoba

Mdogo wangu,

Nimekaa na barua yako siku nane. Nesi hajambo. Hakuja. Wateja siku hizi ni wachache, watu wananunua nguo zilizoshonwa tayari. Nyumba ina nafasi kubwa sana ya kukaa kimya. Nilikudanganya.

Mti umekufa. Haukufa juzi. Ulikufa mwaka jana, mwezi mmoja baada ya baba.

Nisikilize mpaka mwisho. Miaka sita nilimuuguza. Nilimgeuza, nikamwogesha, nikamlisha kwa kijiko. Asubuhi ile ya mwisho alifumbua macho, nikainama nikijua ananiambia neno. Akasema, "Umeumwagilia?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Vizuri," akafumba. Hilo ndilo neno langu nililoachiwa. Hakuuliza kama nimelala. Hakusema hata jina langu.

Watu walipotawanyika nilibaki mimi na ule mti dirishani. Nilikuwa napita na ndoo ya maji nikielekea bafuni na siutazami. Kila siku. Majani yalianza kudondoka, nikayafagia. Ningeweza kuuokoa, maji yalikuwa mkononi mwangu. Nilitaka uone kiu. Ulipokauka kabisa ndipo nililia, na sikujua namlilia nani.

Ile Februari nilitaka kukuambia. Lakini nilijua ukisikia mti umekufa, utatuma kadi yenye sentensi moja ya pole, basi. Nikaandika haujambo. Na wewe ukaandika kurasa mbili. Ukauliza majani, nikakupa majani. Ungeuliza matunda ningekupa matunda.

Sasa unajua hakuna cha kuja kuona.

Dada yako


Tarehe 19 Novemba

Mdogo wangu,

Sijapata jibu. Posta wanasema hakuna kitu, nimewauliza mara tatu mpaka yule karani akiniona tu anatikisa kichwa kabla sijafika dirishani.

Kama umekasirika, andika kwamba umekasirika. Hiyo nayo ni barua.

Dada yako


Tarehe 3 Januari

Dada,

Shikamoo.

Nilikasirika. Likizo niliichukua nikakaa nayo chumbani. Nilitembea mpaka mtoni na kurudi, nikapika wali, nikala, nikaosha sahani moja. Siku ya tano niliona nimeanza kuzungumza na ile picha ukutani, nikaona haya. Nikaisoma barua yako tena, safari hii polepole. Miaka sita ile mimi sikugeuza mtu, sikulisha mtu. Nilikuwa nafuta ukungu kwenye vitabu vya watu nisiowajua. Sijui kama nimekusamehe mti. Lakini najua sina haki ya kuwa wa kwanza kukuuliza.

Na mimi nilikuficha jambo. Kwenye barua ya Agosti ulinisema kwamba sikuja. Nilikuja.

Barua ya msiba ilinikuta wakati mmeshazika. Nilipanda basi jioni ileile, siku mbili njiani, nikafika siku ya ishirini baada ya mazishi, mchana. Picha ya saba nilikuwa nayo kwenye begi, kati ya mashati mawili. Redio hakuwepo barazani kwake, nikashukuru. Nilisimama mlangoni muda mrefu. Nikagonga mara moja. Ndani nilisikia cherehani inakwenda, nikajua upo. Nikangoja isimame. Haikusimama. Iliendelea tu, mshono mrefu, kisha mwingine. Nikakumbuka "asikanyage hapa" iliandikwa na mkono gani, nikasema basi, huyo ndiye anayenijibu. Nikarudi stendi. Basi la kurudi liliondoka saa kumi.

Hayo ndiyo niliyokaa nayo. Nilidhani ulinisikia.

Wamenipa siku saba, kuanzia tarehe 9 Februari. Kitabu kipo tayari. Picha ya saba nitaileta, na ile ya baba pia, sijui ipi ikae ndani. Kuna fundi hapa amenifundisha kushona zote mbili kwenye pengo moja, lakini kitabu kitafura kidogo.

Nijibu kwa mstari mmoja tu ukitaka. Sema nije au nisije.

Mdogo wako


Tarehe 21 Januari

Mdogo wangu,

Njoo.

Ulisema mstari mmoja, lakini mimi sijawahi kuwa mtu wa mstari mmoja. Kifure kitabu, kuna ubaya gani? Zishone zote mbili.

Sasa sikiliza njia, maana wamebadilisha kila kitu tangu mwaka juzi ulipokuja. Basi haliingii tena stendi ya zamani. Shuka kituo cha pili baada ya hospitali, penye duka la mabati. Usipite uwanjani, wamejenga. Fuata ukuta wa shule mpaka uone jengo la ghorofa moja lenye kinyozi chini, hapo kata kulia. Mlango wetu sasa ni wa kahawia. Redio ukimkuta msalimie tu, usisimame, akikushika hutafika kabla ya magharibi. Kitanda chako nimekitandika. Nitapika wali na maharage, kama hupendi tena utaniambia mezani.

Siku ile nilikuwa ndani, ndiyo. Nilikuwa nashona mapazia ya mtu. Mdogo wangu, sikukusikia. Sikio la kushoto lilikufa miaka minne iliyopita, na la kulia linafuata mwenzake. Sikuwahi kumwambia mtu, hata nesi hajui, anadhani nimekuwa mkali kwa sababu nachelewa kumjibu. Cherehani yenyewe siku hizi naisikia kwa miguu. Na simu ndiyo maana sikuitaka.

Kwa hiyo ukifika, gonga kwa kiganja, usigonge kwa kidole. Gonga chini, karibu na kitasa, mbao za hapo zinatikisa ukuta wote nami nitahisi. Nisipotokea, gonga tena. Nisipotokea tena, zunguka dirishani upunge mkono. Mimi nachelewa kufika mlangoni, lakini nafika.

Usiondoke.

Dada yako